Mlinzi wa Nukta za Kijani

Karani wa ofisi ya majengo ya kale ana mikono laini kama ya mtoto mchanga, wala si ajabu, maana kazi yake ya kulinda kuta za mawe huifanya kwa kidole kimoja. Kila asubuhi hupangusa kioo cha kompyuta, huvuta kiti, kisha hutia nukta za kijani kwenye ramani ya mtandaoni, moja kwa kila nyumba isiyoruhusiwa kubomolewa. Nukta ikikaa upande kidogo, huisogeza huku akiiomba radhi kwa sauti ya chini.

Leo aliingia bibi mmoja, vumbi hadi kwenye nyusi. “Mwanangu, tingatinga limeshaangusha ukuta wa jikoni kwangu.”

Karani akamgeuzia kioo kwa upole. “Haiwezekani, bibi. Tazama, nyumba yako inalindwa.”

Bibi akaitazama ile nukta. “Dereva wa tingatinga hajaiona. Twende ukamwonyeshe.”

Karani akakirudisha kioo upande wake. Akachapa amri ya kusimamisha ubomoaji, akaigonga muhuri, akatoka nayo mbio, bibi akimfuata nyuma. Kwenye njia panda akasimama, akageuka, akauliza kwa aibu, “Samahani, bibi, kwako ni upande gani?”