Kope Zangu na Kikombe cha Mama Mkwe

Kope zangu za juu zilikuwa zimeanza kulala bila mimi. Wanafunzi waliamini nasinzia darasani. Kwenye vikao nilisifiwa kwa kutafakari. Nikaamua kuzipunguza kwa upasuaji, na nyumbani Mbezi Beach nikamwambia mume wangu peke yake, maana sikutaka kusikia kwamba kwa umri huu natafuta urembo.

Daktari aliniuliza natumia dawa gani.

"Ya presha tu," nikajibu, kwa uhakika wa mtu mwenye digrii mbili.

"Na vingine unavyomeza? Virutubisho, mitishamba? Njoo navyo vyote."

Nilirudi na kikapu cha sokoni. Mafuta ya samaki ya vidonge niliyouziwa na shoga yangu wa vikoba, unga wa manjano, vitamini E ya ngozi, aspirini ninayomeza kila kichwa kikigonga. Mezani pake nilionekana nimekuja kufungua duka. Karibu vyote, alisema, vinaweza kuifanya damu ichelewe kuganda, na kwenye jicho, hilo si la kuchezea. Akavisimamisha. Ile ya presha, niliyokuwa tayari kuiacha ili nionekane mtiifu, akaniamuru niendelee nayo.

"Na kitunguu saumu kingi usitumie. Ukikiuka, naahirisha."

Kesho yake mama mkwe akaja kutoka Temeke kututembelea. Kila asubuhi huyu mama husaga kitunguu saumu na tangawizi, akatia asali, na ukoo mzima hunywa. Hakuna mkwe aliyewahi kukataa. Kikombe cha kwanza nilikimwaga kwenye ua la sebuleni. Cha pili akaketi mbele yangu.

"Kunywa nikuone."

"Mama, sinywi."

"Una mimba?"

"Kwa umri huu, mama! Nakwenda kupasuliwa kope. Nipendeze tu. Daktari amekataza kitunguu saumu."

Akaweka kikombe chini. Akanisogelea, akaivuta kope yangu kwa kidole kinachonuka kitunguu.

"Hizi? Na mie siku zote najua mwanangu hakupi usingizi!"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, kisha akakinywa kikombe changu. Tangu hapo akawa mlinzi. Pilau ilipikwa bila kitunguu saumu, jambo ambalo mume wangu alilipokea kama msiba. Asubuhi ya upasuaji, daktari alipouliza nimemeza nini, mama mkwe aliniwahi: "Ya presha tu. Nimemchunga mwenyewe."

Upasuaji ukafanyika siku ile ile iliyopangwa. Tuliporudi kutolewa nyuzi, nilijitazama kwenye kioo cha kliniki nikamwona mwanamke aliyeamka. Nilikaa pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Nyuma yangu mama mkwe alikuwa ameshika kope zake kwa vidole viwili.

"Daktari, na hizi?"

"Zinawezekana, mama. Kwanza niambie, unatumia dawa gani?"

"Mie?" akasema kwa fahari. "Mie situmii dawa yoyote."

Daktari akanitazama. Nikamwambia atafute meza kubwa zaidi.