Mwizi wa Chumvi Aliyeitwa Masika

Masika Adèle alishona kinywa cha kikaragosi mwisho kabisa. Macho, pua na nywele za uzi vilitangulia. Kinywa kilingoja mpaka ijulikane kikaragosi kitasema nini. Aliendelea hivyo hadi vidole vyake vilipokataa sindano.

Nilimfahamu mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka 2000, waasi wakiwa wameshika mji na shule yetu imefungwa. Komite ya kata iligharamia miezi sita ya kufundisha vikaragosi kwa watu wasiojua lolote. Wafanyabiashara walitoa vitambaa na mbao. Mzee Kasimu, msafirishaji wa Beni, akatoa depo yake, ghala la mizigo. Adèle, fundi wa nguo, akawa mwalimu wetu. Tulikuwa tisa, na hatukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa wa mtu anayeiba chumvi ya jirani. Tulimwita Paluku bila kufikiri. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na karibu kila nyumba ina Paluku, mvulana wa kwanza. Lakini mwenyekiti wa komite alikuwa Paluku Esdras, na alikuwa muuza chumvi. Watu walipocheka, vichwa vyote vilimgeukia. Akaondoka kabla ya mwisho. Asubuhi alituma watu wachukue ufunguo wa depo.

“Tumuite Kambale,” alisema Phinées, mwenzetu, akitaja jina la wavulana wa pili.

“Donc bakambale bote ba soko batakuja kutupiga,” Adèle akamjibu. “Na mukubwa yako wa tumbo moja, Kambale, atakuwa mbele.”

Akamvua mwizi kofia, akamfunga kitambaa cha kichwa alichokata kwenye kile chake mwenyewe. Kisha akaenda kwa mwenyekiti.

“Papa Esdras, kuya siku ya Mungu, kisha kanisa, uone mwizi. Sasa anaitwa Masika. Ni miye.”

Esdras alikuja, akafungua depo kwa mchezo huo tu, akakaa karibu na mlango. Mwizi alipoficha chumvi ndani ya kitambaa, watu walimgeukia Adèle, naye alikuwa anacheka kuwashinda wote. Esdras alicheka mpaka akapangusa macho. Ufunguo ulirudi, na komite ikatuongezea miezi sita mingine.

Kwa miaka mingi wamama wa soko walimtania: “Funika chumvi, Masika anapita.”

“Ya leo nimeisha kuiba,” aliwajibu. Siku moja tu nilimwona akipita bila kujibu, mkono juu ya kitambaa chake. Sikumuuliza. Ilinipasa kumuuliza.

Leo darasa lile ninalifundisha mimi, na komite bado inatusaidia. Mwaka jana nilipanda hadi kijiji cha Kipese, alikokuwa akiugua kwa mdogo wake, nimwambie kwamba jina lake ndilo lililotuachia mlango wazi. Nilianza kushukuru, akanikatiza.

“Batu ba darasa yako bako bangapi?”

“Kumi na mbili, mama.”

“Na uko hapa unanishukuru? Rudi kwabo, Kavira. Bila weye batashona mikono yote ya kikaragosi upande moja.”