Cherehani Ndani ya Albamu

Jina la Chiriku alipewa na dada yake, tena si kwa sifa. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea, akamfundisha kushika sindano, akamkalisha kwenye meza ya kukatia vitambaa katika chumba chao cha ushonaji, na tangu hapo hakuweza kumnyamazisha, ingawa alijaribu. Chiriku alitunga nyimbo kama wengine wanavyopiga miayo. Aliimba akikata, akaimba akipiga pasi, na gitaa lake lilining'inia ukutani kati ya gauni la mteja aliyenenepa na suti ya mteja aliyepotea. Dada alikuwa na hoja moja tu kuhusu muziki: wimbo haufungi kifungo. Akishaisema, hurudi kukanyaga cherehani yake.

Chiriku alipoamua kutoa albamu, umaarufu haukuwa shida yake. Alitaka dada aseme kitu. Hata "si mbaya" ingetosha. Kwa dada, hiyo ni hotuba nzima.

Studio ilimshinda. Ndani ya kile chumba chenye kuta kama magodoro, aliimba kama mtu anayekimbia mvua. Fundi mitambo, mtu mpole asiye na haraka hata ya kula, alimwekea mdundo masikioni. Chiriku akaupita huo mdundo, akauacha nyuma. Wakaahirisha. Baadaye fundi alikwenda kuchukua suruali yake iliyokuwa ikipunguzwa kiuno, akamkuta Chiriku anaimba wimbo uleule pale mezani, umetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Akaisahau suruali, akarudi na vipaza sauti.

Fundi alimwomba dada asimamishe kushona kidogo. Akajibiwa kwa adabu zote kwamba shule zinakaribia kufunguliwa na sare hazingoji wanamuziki. Dada alipotoka kununua uzi, wakajaribu harakaharaka, na Chiriku akaanza tena mbio zake. Fundi akakuna kichwa, akaitazama cherehani iliyonyamaza, akaelewa.

"Tumngoje dada," akasema.

Basi nyimbo zote zikarekodiwa pamoja na sare zake.

Mapokezi yalikuwa ya namna yake. Wateja walishangaa kuuziwa kitu walichokisikia bure miaka yote. Mjomba alirudisha nakala yake akitaka abadilishiwe, kwani aliyopewa ina cherehani ndani. Mchambuzi mmoja wa gazeti aliandika kwamba msanii anahoji uhusiano wa mwili na mashine. Chiriku alisoma mara mbili ili ajue kama amesifiwa. Kabla hajapata jibu, dada alikuwa ameshaukata ukurasa ule kuwa kielelezo cha kola.

Kisha wakamwita redioni. Mtangazaji akauliza mpiga ngoma wake ni nani, maana hajasikia siku nyingi mtu mwenye mkono mtulivu namna ile.

"Ni mguu," Chiriku akasema. "Wa dada yangu. Alikuwa anashona sare. Bila yeye siwezi kuimba. Nimejaribu, nikashindwa."

Aliporudi, jirani yao muuza vifungo alimvuta kando mlangoni, akamnong'oneza kwamba wakati wa mahojiano cherehani ilisimama. Kazi ya watu ilikuwa mezani, na mashine kimya.

Ndani, dada alikuwa akitia uzi kwenye sindano, jambo ambalo siku zote alilifanya huku akitazama barabarani. Leo tundu lilikuwa limegoma kuonekana.

"Ule wimbo wa tatu," akasema bila kuinua uso, "ulinipita."

"Wapi, dada?"

"Mwishoni. Nilikuwa nageuza kona ya kola. Kona haikimbizwi. Ungenisubiri."

Chiriku akasema atasubiri. Dada akachukua kipande cha kitambaa kisicho cha mteja yeyote, akakilaza chini ya sindano, akaweka mguu mahali pake.

"Haya, Chiriku. Anza."