Nguzo ya Bagamoyo na Macho ya Bi Tatu

Nilitumwa Bagamoyo na kamati ya soko letu la Vigwaza, na kabla sijasimulia niliyoyaona lazima niseme kwamba sikujiona mtu wa kutumwa. Kwanza niliishia darasa la saba. Pili, jambo lenyewe linamhusu Bi Tatu, na mimi na Bi Tatu, kama mnavyojua wote, hatukuwa tukisalimiana tangu Ramadhani iliyopita.

Kwa asiyejua, jambo ni hili. Kampuni moja ya Dar imetuomba iweke nguzo kwenye uwanja wetu wa kuegesha magari. Mwenye gari akifika anagusisha simu kwenye nguzo, akiondoka anagusisha tena, na ada inakatwa humo humo kwenye simu yake. Hakuna tiketi, hakuna kutafuta chenji. Na hakuna Bi Tatu, ambaye amekuwa akikata tiketi uwanjani hapo tangu alipofiwa na mumewe, na kwa kazi hiyo anaendesha nyumba yake. Bagamoyo wenzetu wameshaanza. Kamati ikaona aende mtu akatazame, arudi aandike, isomwe Ijumaa baada ya swala, tuamue. Mwenye gari na mwenye kwenda Bagamoyo mara kwa mara kufuata mabeseni na ndoo za duka langu ni mimi. Mwenyekiti akaniambia, "Mwanaidi, utakavyosema ndivyo tutakavyofuata."

Maneno hayo yaliniharibia usingizi. Maana siku ile ya ugomvi Bi Tatu alinitoza mara mbili kwa siku moja, nikamwambia mimi sijatoka uwanjani, akaniambia mbele ya wateja wangu kwamba ninataka kumwibia. Sasa mtu aliyeitwa mwizi ndiye anayetumwa kuipima kazi ya aliyemwita hivyo. Nilijiuliza kama macho yangu yataona sawa. Nikasema basi, nitaandika kila kitu, kizuri na kibaya, hata kile nisichokipenda.

Saa kumi na mbili asubuhi niliwasha kirikuu changu, kigari changu cha mizigo. Uwanja ulikuwa bado mtupu, ila Bi Tatu alikuwa ameshafika, amevaa kizibao chake cha njano juu ya baibui, anafagia maganda ya machungwa yaliyoachwa na watu wa malori. Alijua ninakokwenda. Aliendelea kufagia, mimi nikatia gia. Nilipita mizani ya malori nikashika njia ya Chalinze.

Chalinze nilisimama kwa mdogo wangu Zuhura, anayeuza nguo za watoto karibu na stendi. Simu yangu ni janja lakini haina hicho kitu cha kugusisha, kwa hiyo nilikuja kuazima yake. Hilo nalo liandikwe: siyo kila simu janja inakubali.

"Dada, unagusisha mgongo wa simu, siyo uso," Zuhura alinifundisha.

"Kwani simu ina mgongo?"

"Kila kitu kina mgongo. Hata wewe, ila hujauona siku nyingi." Akacheka peke yake. "Hela na namba ya gari lako nimeshaweka humo. Na ukiondoka usisahau kugusa tena, la sivyo itaendelea kuhesabu mpaka kiama."

"Mimi nisahau? Mimi si ndiye ninayetumwa na kamati?"

Kutoka Chalinze hadi Msata barabara ni nzuri, na Msata nilikunja kulia kuelekea pwani. Njia fupi ya Mlandizi naijua, lakini ina vumbi na mashimo, na nilitaka kufika nikiwa msafi. Kiwangwa nilinunua mananasi mawili ya kumpelekea shangazi yangu wa Mlingotini. Muuzaji aliniambia yale ya juu ya fungu ni ya kupiga picha, ya kula yako chini, akanichimbulia ya chini. Nilifurahi safarini. Nikiwa kwenye usukani sina wasiwasi; wasiwasi wangu huanza nikishika kalamu.

Saa tatu na nusu niliingia Bagamoyo. Uwanja wa kuegesha uko mbele ya maduka, na duka ninalonunua mzigo ni la Mzee Hasmukh, ambaye babu yake alilifungua na jina la babu bado liko juu ya mlango. Nguzo nilizikuta mbili, zimefika kiunoni mwangu, kila moja ina kibao cheusi chenye alama kama ya mawimbi. Nikashuka, nikaenda kugusisha. Kimya. Nikagusisha tena. Kimya.

"Ivue koti, mama," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa kizibao kama cha Bi Tatu. Tulisalimiana vizuri, akajitambulisha kuwa ni Ramadhani, zamani alikuwa anakata tiketi hapo hapo. Koti alilosema ni lile kava nene la Zuhura lenye kioo cha kujitazamia. Nikalivua, nikagusisha, simu ikalia kidogo, taa ikawaka kijani, na namba ya gari langu ikatokea. Basi. Kazi ambayo Vigwaza inachukua dakika tano za kuitana na kusubiri chenji, ilikwisha kabla injini haijapoa. Ningesema uongo kama ningesema sikupendezwa. Nilitamani nigusishe tena.

Mzee Hasmukh alikuwa kibarazani kwake, ananitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwanaidi. Leo umekuja kununua au kupapasa nguzo?"

Nikamweleza nilichotumwa. Akaniita ndani, mkewe akaleta chai na kachori, nikamuuliza kama nguzo zimemsaidia au zimemwumiza.

"Zamani," akasema, "mtu wa duka la jirani alikuwa analaza gari lake mbele ya mlango wangu tangu asubuhi hadi jioni. Nikimwambia, ananiuliza kama barabara ni ya babu yangu. Sasa dakika zinamsema, kila moja na ada yake. Anakuja, anaondoka, wateja wangu wanapata nafasi."

Mkewe akasema kutoka kwenye mizani ya misumari, "Mwambie na la pili."

"La pili lipi?"

"Kwamba wateja siku hizi hawakai. Wananunua wamesimama, macho kwenye simu. Yule mama wa vitumbua hapo nje amehama."

"Hilo nalo kweli," Mzee Hasmukh akakubali. "Andika yote mawili."

Nikayaandika. Kisha nikakaa kibarazani kama saa nzima nikitazama. Wengi waligusa wakaenda zao bila shida. Akaja mkulima mmoja na gari la mihogo, simu yake ya vitufe, nguzo haikumjua. Ramadhani akamlipia kwa simu yake mwenyewe, mkulima akampa fedha mkononi. Nikamuuliza Ramadhani wenzake wa tiketi wako wapi. Akasema walikuwa watatu. Kampuni ilitaka kuwaondoa wote, wenye maduka wakapiga kelele, akabaki yeye. Mmoja amepata kazi ya ulinzi. Wa tatu yuko nyumbani mpaka leo. Hayo kampuni haikutuambia Vigwaza, lakini kwa haki niseme na sisi hatukuuliza.

Saa tano na nusu mzigo wangu ulikuwa umeshafungwa, nikaaga. Na hapa ndipo nilipokosea.

Mnamjua mtu wa pwani na kuaga. Mgeni haachwi mlangoni. Mzee Hasmukh alitoka nami kibarazani, tukasimama, akakumbuka habari ya harusi ya mjukuu wake, tukafika garini, tukasimama tena, nikaingia, yeye akaingia upande wa pili akiwa bado anaeleza, akasema, "Twende, utanishusha pale kwa fundi saa, nitarudi kwa miguu." Nikawasha gari. Alimalizia habari ya harusi mbele ya kibanda cha fundi saa, akaniombea safari njema, akashuka. Mimi nikashika njia ya Mbegani.

Mbegani nilipita bila kusimama. Vijana wa chuo cha uvuvi walikuwa wanavuka barabara na ndoo zao. Mlingotini nilifika karibu saa sita na nusu. Shangazi alinipokea, akasifia mananasi, akasema ya mwaka jana yalikuwa makubwa zaidi. Nilipotoa simu ya Zuhura nitazame saa, nikaona kwenye kioo namba ya gari langu, na chini yake dakika zinatembea. Kwa mujibu wa ile simu, gari langu lilikuwa bado mbele ya duka la Mzee Hasmukh.

Nilikaa kwenye mkeka. Shangazi akaniuliza kama kuna msiba.

"Nimetoka bila kugusa, shangazi. Nguzo inafikiri bado niko Bagamoyo."

"Sasa si uiambie hupo?"

Nilijaribu, mtandao hakuna. Nilijilaumu, hela ni ya Zuhura na inaliwa. Halafu, nikiwa nimekaa hapo, likanijia jambo lingine ambalo halikuwa la hela.

Siku ile ya ugomvi na Bi Tatu, mama Hadija alikuwa amekuja dukani kwangu na mjukuu mgonjwa. Wakati wa kuaga nilimsindikiza. Tukafika garini, nikamwambia jua kali, panda. Nikampeleka hadi kituo cha basi, nikarudi, nikaegesha pale pale. Dakika kumi labda. Na sheria ya uwanja wetu tunaijua wote: ukitoka ukarudi, unakata tiketi mpya. Bi Tatu alipokuja na kitabu chake, mimi nikaapa kwamba sijatoka. Wallahi sikuwa nasema uongo. Kumsindikiza mtu sikuhesabu kuwa ni kutoka. Lakini nilikuwa nimetoka. Yeye aliona. Tangu mwezi wa Ramadhani nimekuwa nikijiona niliyedhulumiwa, na aliyekosea ni mimi.

Nilitaka kulificha hili. Nilisema moyoni, kamati ilinituma kutazama nguzo, haikunituma kujitazama. Lakini niliahidi kuandika hata nisichokipenda.

Saa nane nilikuwa Bagamoyo tena. Ramadhani aliponiona nashuka mbio na simu mkononi, tayari nimeivua koti, alianza kucheka.

"Pole pole, mama. Nilishakufungia."

"Umenifungia vipi?"

Akanionyesha. Kampuni imempa uwezo wa kufunga hesabu ya gari lolote kwenye simu yake. Alikuwa amefunga ya kwangu saa tano na nusu na dakika chache, pale pale nilipoondoka. Simu ya Zuhura ilikosa mtandao, ikaendelea kuhesabu peke yake. Ilipopata mtandao hapo uwanjani, ikalia, ikaleta ujumbe: imelipwa, asante.

"Ulijuaje kwamba nimesahau?"

"Nilimwona Mzee Hasmukh amepanda mbele. Yule akimsindikiza mgeni, mgeni hagusi nguzo. Wageni wake wote nawafunga mimi."

"Na kama usingekuwepo?"

"Ungelala hapa mpaka kesho," akasema, "na wewe uko kwako."

Mzee Hasmukh alikuwa amesimama kibarazani, anasikia. "Msinisingizie," akasema. "Mimi ni adabu tu." Safari hii sikumruhusu aje garini. Niligusa mkono wake kutoka dirishani, naye akaniambia wajukuu wa siku hizi hata mlangoni hawakufikishi.

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, Kiwangwa, Msata, Chalinze. Nilimrudishia Zuhura simu yake na kumsimulia. Alicheka mpaka mteja akarudisha gauni alilokuwa amelishika.

Saa kumi na moja jioni niliingia uwanjani kwetu Vigwaza. Haya ndiyo niliyojifunza, na nayasema bila kuyumba, ingawa maneno mengine mtanisahihisha. Nguzo ni nzuri. Ni ya haraka, haiibi, haikosi chenji, na haiwezi kumwita mtu mwizi mbele ya wateja wake. Tuikubali. Lakini nguzo inajua kile tu kilichoigusa. Mtu aliyetoka bila kuigusa haimjui, wala mwenye simu ya vitufe, wala sisi tunaosindikizana. Kwa hiyo tuiambie kampuni: nguzo iwekwe, na simu ya kufungia hesabu apewe Bi Tatu, na mshahara wake uandikwe kwenye mkataba kabla hatujatia sahihi. Wakikataa, tubaki na tiketi. Siyo huruma ninayoomba. Katika uwanja ule hakuna aliyeona sawa kumshinda yeye, na ushahidi wa hilo ninao mimi.

Jioni hiyo Bi Tatu alikuja kwenye dirisha la gari langu na kitabu chake. Alisimama tu, kalamu mkononi, akisubiri nizime injini kama anavyosubiri kwa kila mtu.

"Shikamoo, Bi Tatu."

Aliishusha kalamu. Ni mkubwa wangu kwa miaka mingi, na shikamoo hiyo nilikuwa nimemnyima mwezi baada ya mwezi.

"Siku ile nilitoka," nikasema. "Nilimpeleka mama Hadija kituoni."

"Najua," akasema. "Mtoto alikuwa amefunikwa kanga nyekundu."

Kisha akasema marahaba, akaandika saa ya kuingia, akachana tiketi, akanipa.