Kaburi la Nyasi

Naona haya kulisema hili, lakini bora mcheke mkilisikia kwangu kuliko mtaani: mimi ndiye niliyezika nyasi.

Mbegu zilikuwa za nyasi zetu za asili, zile ambazo mizizi yake haifi hata kiangazi kikali vipi, nikazichuma kwa mkono, nikazihifadhi miezi mingi (zikiwa mpya hazioti), kisha nikainua tuta moja nje kidogo ya Garissa na kuzifunika kwa udongo haba. Shida ilikuwa mbuzi. Wakizing'oa kabla hazijashika, umekwisha. Nikazungusha ua wa miiba, wakapenya, na kwa kuwa tuta lenyewe lilikuwa na urefu wa mtu, nikajiona mjanja, nikasimamisha jiwe kichwani na jingine miguuni. Kwetu mchungaji hawaachi mbuzi wake juu ya kaburi.

Mbuzi wakakoma. Wapita njia wakaanza kumsalimia marehemu, nami nacheka nyuma ya kichaka (Mungu anisamehe). Kisha nikawa nakuta udongo umelowa kabla sijamwagilia. Nyasi zikachipua kijani pale tu, kwingine kote vumbi, na zikawa zinayumba hata upepo ukitulia. Kicheko kiliniisha, nikaogopa.

Kumbe aliyekuwa akileta maji ni Eedo Habiba (eedo ni shangazi), jirani yangu, ambaye mwanawe alielekea Hulugho na ngamia asirudi. Kaburi lisilo na mwenyewe, linaloota nyasi bila mvua, aliamini ni la mwanawe. Ijumaa akawaleta shekhe na waumini wamsomee dua, nami nikaitwa niitikie. Niliinua mikono, amina ikakataa kutoka. Nikakiri yote mbele yao: ni mbegu tu, ni kwa sababu ya mbuzi. Shekhe alishusha mikono polepole. Nilitamani tuta lile linimeze.

Eedo hakulia. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kama hapa hakuna mtu, nani anaitikia salamu yangu kila asubuhi?"



Nimeapa sitasimamisha jiwe tena, msimu ujao nanunua waya hata ikibidi niuze ng'ombe. Mawe yale niliyang'oa siku ile ile. Eedo bado anamwagilia. Na mimi nikipita pale nasalimia, kisha nakaza mwendo nisije nikasikia jibu.