Mpiga chapa wa Keshero aliyefunga mlango mmoja wa intaneti na kuacha mwingine wazi

GOMA, Jumamosi tarehe 13 Mei 2023. Mvua iliyonyesha tangu usiku imekatika saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu mwepesi unapanda kutoka ziwani hadi kwenye vichochoro vya Keshero, na mawe meusi ya volkano yanang'aa kama viatu vilivyopakwa rangi kwa ajili ya misa.

Saa mbili, Mama Marcelline Kanyere anazibua mfereji mbele ya nyumba yake. Leo ni salongo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi. Zamani salongo ya kichochoro hiki ilikuwa na watu watano, sita kama jua halikuwa kali. Leo wamefika ishirini na wanne.

"Papa Cyprien, hiyo jembe umeikopa kwa nani?" anauliza jirani yake, Mama Sumaya, huku ameegemea ufagio.

"Ni yangu! Ilikuwa inapumuzika tu."

"Tangu mwaka gani?"

Watu wanacheka, na Papa Cyprien, mwoka mikate mwenye tumbo la kazi yake, anainama kwa bidii mpya. Kila mmoja anajua kilichomtoa nyumbani. Kazi ikiisha, Mama Marcelline atatamka kwa mdomo neno la siri la intaneti ya majirani, nalo litatumika wiki moja. Asiyeshika jembe wala ufagio halisikii.

Lakini asubuhi hii mwenye intaneti mwenyewe ana wasiwasi. Saa nne atakuja Direkta Murhula, mkuu wa shule moja ya msingi, kuamua kama mitihani ya Juni itabaki mikononi mwake au itapelekwa kwa mtu mwingine.

Mama Marcelline, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mpiga chapa. Walimu humletea maswali yaliyoandikwa kwa mkono, wengine humtumia picha kwa simu, naye huyaandika kwenye kompyuta na kuyachapa. Ukurasa mmoja ni faranga mia tano. Zaidi ya nusu ya mapato yake ya mwaka hutoka kwenye mitihani ya shule hiyo.

Mzaliwa wa Butembo, aliishi Buhene hadi Mei 2021, mlima wa volkano ulipolipuka na moto ukashuka juu ya mtaa wao. Alitoka na watoto wawili, rozari na mashine ya kuandikia ya marehemu mume wake, aliyoibeba kichwani.

"Nyumba ilibaki chini ya mawe," anasema. "Nilirudi kutafuta hata mulango. Sikuona mahali mulango ulikuwa."

Huku Keshero hakuwa na ndugu. Mama Sumaya, ambaye wazee wake walitoka Maniema kwa biashara, ndiye aliyempa godoro la kwanza. Papa Cyprien alimpa mbao za ukuta mmoja. Wengine walileta misumari, sufuria, turubai. Nyumba anayoishi leo ina mkono wa karibu kila mtu wa kichochoro.

Akiwa na miaka arobaini na minne alijiandikisha kwenye kozi ya jioni ya kompyuta, katika ukumbi wa parokia. Darasani alikuwa mkubwa kuliko mwalimu. "Siku ya kwanza nilisali kabla ya kugusa panya," anakumbuka. "Vijana walicheka. Mwalimu Achille akawaambia, 'Muache mama asali, nanyi mutahitaji sala siku ya mutihani.'"

Alipopata kompyuta na mashine ya kuchapa, akaweka modemu ya intaneti. Majirani hawakuijali sana mwanzoni. Kisha vita vikarudi. Juni 2022 waasi waliishika Bunagana, mji wa mpakani, na Jafari, mume wa Mama Sumaya, dereva wa lori, akabaki upande wa Uganda bila njia ya kurudi. Novemba, watu wa Kibumba wakafika Goma wakiwa na mikeka na mbuzi, na karibu kila nyumba ya kichochoro ikapokea jamaa.

Siku hizo Mama Marcelline alimpa neno la siri kila aliyeomba. "Mutu anatafuta mutoto wake, utamuambia alipe megabaiti?"

Mama Sumaya anasema kwamba bila intaneti hiyo asingeuona uso wa mume wake kwa miezi. "Kila jioni ninakaa pale ukutani, minamuonyesha batoto. Anauliza kama binti amekua, minamuambia simama, uonyeshe baba."

Tatizo lilikuja Machi, likiwa limevaa suti.

Ijumaa hiyo umeme ulikuwa wa kukatika wakati wowote, na Mama Marcelline alikuwa akichapa mtihani wa hesabu wa darasa la sita. Papo hapo, nyuma ya ukuta, Papa Cyprien alikuwa akiwatumia ndugu zake wa Beni picha aliyopigwa kwenye arusi ya mpwa wake. Kidole kikateleza, kikabonyeza pa kuchapa. Simu yake ilikuwa kwenye intaneti ileile ya mashine ya kuchapa, na mashine haikuuliza ni nani.

Picha ilitoka kati ya ukurasa wa pili na wa tatu. Kwa haraka ya umeme, mama akaingiza karatasi zote kwenye fotokopi bila kuzipitia. Jumatatu wanafunzi arobaini na wawili walimkuta Papa Cyprien kati ya swali la saba na la nane, amevaa suti, ameshika glasi ya soda.

"Watoto wa siku hizi hawaachi nafasi tupu," anasema Direkta Murhula, na hapo hata yeye hutabasamu. "Mmoja aliandika chini yake: 'Jibu: huyu ni baba wa bibi arusi.'"

Kichochoro kizima kilicheka wiki nzima. Direkta alicheka siku moja tu. Siku ya pili alimwita Mama Marcelline ofisini na kumwambia kwa upole: "Mama, kama picha imeweza kuingia, maswali nayo yanaweza kutoka. Nifanye nini?"

Mama anasema: "Nilirudi nyumbani, nikapiga magoti."

Alianza kwa kubadilisha neno la siri. Akaweka jina la mtoto wake wa mwisho. Kabla ya saa sita mchana, kichochoro chote kilikuwa kimeingia. Akaweka zaburi anayoipenda na namba yake. Papa Cyprien, ambaye huimba naye kwaya, aliipata bila kusimama. "Anaiomba kila Jumapili kwa sauti," alijitetea. "Ningeisahau namna gani?"

Hapo akaihamisha modemu jikoni, nyuma ya ukuta mnene wa mawe ya volkano. Mawimbi yalipungua kweli. Majirani nao wakavuta viti, na jioni alipofungua mlango wa jiko alikuta watu tisa kwenye ngazi.

"Karibu, mama," alisema mmoja wao. "Pita tu, hautusumbue."

Kufunga kabisa hakuweza. Kila alipofikiri hivyo aliliona godoro la Mama Sumaya. Alimfuata mwalimu wake wa jioni, na Achille akamwonyesha jambo ambalo modemu yake ilikuwa nalo siku zote: inaweza kutoa mitandao miwili. Mmoja aliuita KAZI, wenye kompyuta na mashine ya kuchapa tu. Neno lake la siri ni refu, limechanganywa herufi na namba, na halipatikani katika kitabu chochote cha sala. Wa pili aliuita JIRANI. Anayeingia huko anapata intaneti, ila haioni mashine.

Wazo la kutoa neno la JIRANI baada ya salongo tu lilikuwa la Mama Sumaya. "Mulizoea mufereji muchafu," aliwaambia wenzake. "Sasa mutatoa jasho kidogo."

Saa nne kamili, salongo imekwisha na neno la wiki limeshatamkwa, Direkta Murhula anafika, suruali imekunjwa kwa ajili ya matope. Hataki maelezo. Anaomba mashine itolewe uani, iwekwe juu ya meza, na majirani waizunguke.

"Kila mutu afungue picha, abonyeze pa kuchapa."

"Direkta, nitumie ile ile?" anauliza Papa Cyprien.

"Ile ile. Tumeshajuana nayo."

Vidole ishirini na vinne vinabonyeza. Simu zinatafuta. Mashine imetulia, taa yake ya kijani inawaka. Mama Sumaya ameshika mkono wa binti yake, maana anajua kwamba jambo hili likiharibika, modemu itazimwa na kiti chake cha ukutani hakitakuwa na kazi.

Ghafla mashine inakohoa. Karatasi inaanza kutoka.

"Si mimi!" Papa Cyprien anapiga kelele, mikono juu na simu juu. "Mungu ananiona, si mimi!"

Direkta anaivuta karatasi. Ina maneno matatu tu: AKSANTI KWA SALONGO. Mama Marcelline anatokea mlangoni.

"Ni mimi, niko kwa kompyuta. Nilitaka muone kama mashine iko nzima. Musiseme imenyamaza sababu imekufa."

Kicheko kinalipuka hadi nyumba za jirani. Direkta anaikunja karatasi, anaitia mfukoni, na kutoa bahasha ya kaki: maswali ya Juni.

Mama anasema akimaliza mitihani hiyo atanunua betri na paneli ya jua, ili umeme ukikatika mitandao yote miwili ibaki hewani. Lakini Direkta bado hajaiachia bahasha.

"Kwanza uniahidi," anasema. "Mbele ya hawa wote."

Mama Marcelline anapangusa mikono kwenye kitenge, anafanya ishara ya msalaba, kisha anasema kwa sauti inayofika mwisho wa kichochoro:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu: mulango wa kazi nimeufunga, na neno lake halitatoka kinywani mwangu, hata mama yangu atoke Butembo kwa miguu kuja kuliuliza. Lakini huu mulango wenu, siku mulima utanguruma ao masasi ya vita italia, sitauliza mutu jembe. Nitasimama hapa njiani, nitalisema neno kwa sauti, kila mutu aite watu wake."