Anayetaja Bei Kwanza

Sokoni walimwita Mama Mashati. Tangu binti yake angali mgongoni, meza yake haikuuza kitu kingine ila mashati ya mtumba, yamepigwa pasi, kola juu ya kola. Binti mwenyewe sasa alikuwa na duka la vyombo lenye sakafu ya vigae, na watu walimwita Sufuria. Duka hakupewa na mtu. Alilipata kwa mdomo, na mdomo alifundishwa na mama yake.

Kwa hiyo alipompandisha mama mlimani mwisho wa wiki ule, mji ukioka watu kama tanuri, hakuwa na nia ya kupunga upepo tu. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kufura, na daktari alishasema: kusimama kutwa basi. Sufuria alikuwa ameshaandaa chumba nyumbani kwake. Muuza viatu wa meza ya jirani aliitaka ile nafasi, akisubiri jibu Jumatatu. Ilibaki ndiyo ya mama tu, na ndiyo ya mama haijawahi kuuzwa rahisi.

Hoteli ilikuwa nyumba ndefu ya mawe, bustani yake ikiteremka hadi getini. Mwanamke wa mapokezi akawapa ufunguo wa chumba cha juu.

"Mwanangu, bei ya chumba hiki inapungua?" Mama akauliza.

"Hapana, mama. Hapa bei ni moja."

"Sawa kabisa. Kama bei haishuki, basi chumba kishuke. Tupe cha chini."

"Cha chini tumekiweka akiba, mama, kama wakija watu."

"Tumekuja. Au sisi si watu?" Akapokea ufunguo mpya na kuongeza, "Na blanketi mbili za ziada. Nasikia baridi yenu nayo haipungui."

Mwanamke wa mapokezi alicheka hadi akafuta macho. Sufuria hakucheka sana. Aliona kwamba mama amezikwepa ngazi bila kuitaja miguu.

Jumamosi nzima walikaa barazani na birika la chai, kila mmoja akimzunguka mwenzake. Sheria waliijua wote wawili: anayetaja bei kwanza ameshapoteza nusu. Mama akaongea habari za mawingu, halafu za mashati ya wahudumu, vitambaa vizuri vilivyoharibiwa na pasi mbaya. Sufuria akaongea habari za masufuria.

"Hewa ya huku inawafaa watu wazima," akajaribu.

"Ndiyo. Ukizeeka uhamie," mama akajibu, akajimiminia chai.

Jumapili baada ya kifungua kinywa walikwenda kuketi kwenye benchi juu ya bustani. Mchana wangeondoka. Uvumilivu ukamwishia Sufuria.

"Mama, acha meza."

Mama hakugeuka. "Umetaja wewe kwanza. Nilikufundisha nini?"

"Najua. Lakini miguu yako..."

"Usinitolee kasoro za mali kabla ya bei. Unatoa nini?"

Sufuria akamwaga vyote: chumba chenye dirisha kubwa, kitanda kipya, televisheni, mtu wa kupika. "Hutainua hata kikombe."

"Unaniuzia jeneza lenye pazia."

"Mama, jamani."

"Sijakataa. Nimesema ongeza."

"Sina cha kuongeza. Hiyo ndiyo bei ya mwisho."

"Haya. Asante kwa kunionyesha." Mama akainuka, akatia mkoba kwapani, akaanza kuteremka kuelekea getini.

Mbinu hiyo Sufuria aliinyonya na maziwa. Mteja anageuza mgongo ili aitwe. Kama anataka kweli, akifika meza ya tatu atapunguza mwendo na kushika kitu asichokihitaji. Muuzaji mwenye akili hamwiti, anamhesabia meza. Sufuria akakunja mikono, akatazama.

Mama akayapita maua ya kwanza. Akalipita bomba la maji. Hakushika jani, hakuinama kufunga kiatu. Alikwenda tu, mgongo umenyooka, mguu wa kushoto ukija nyuma kama mtoto asiyetaka shule.

Wateja wazuri Sufuria alishawapoteza kwa kiburi cha kutoita. Walikwenda, wakaja wengine, duka likaendelea. Lakini wa namna hii alikuwa na mmoja tu.

"Mama," akaita, "rudi tuongee."

Mama akasimama. Hakurudi. "Njoo wewe," akasema. "Mimi miguu inaniuma."

Neno hilo hakuwahi kulisema mbele ya mtu, hata mbele ya daktari. Sufuria akateremka mbio, viatu mkononi.

Wakaketi kwenye ukingo wa mawe kando ya maua, na sasa biashara ikaenda haraka.

"Siku tatu kwa wiki, asubuhi tu," mama akasema.

"Mbili."

"Tatu, na nitauza nimekaa."

"Kwenye kiti chenye mgongo. Na marobota hufungui wewe."

"Sifungui. Nitawatazama tu wanavyofungua vibaya."

"Na kliniki unakwenda."

"Nakwenda. Na kwako nahamia. Ila televisheni itoe, pale nataka meza ya kupigia pasi."

Wakapeana mikono kisokoni, kiganja kikalia.

Wakati wa kufunga mizigo Sufuria akampigia simu muuza viatu, amweleze kwa upole kwamba meza haitapatikana yote.

"Najua, dada," yule akasema. "Zangu ni siku nne. Mama alinipangia tangu Ijumaa, kabla hamjaondoka. Hata kile kiti chenye mgongo nimeshampatia."

Sufuria akaitazama simu, akaanza kucheka peke yake. Kumbe bei mama alipanda nayo mlimani, mkobani. Mtu wa hivyo hajaisha, na kwa miguu ile ile angali na miaka ya kuwatoa watu jasho.

Akamkuta mama mapokezi, ameegemea kaunta, anasifia bustani. Habari za mashati ya wahudumu yanayotupwa kila mwaka zilikuwa zimegusiwa kwa mbali, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Mama akamkonyeza bintiye anyamaze.

Mwanamke wa mapokezi akafikiri kidogo, kisha akataja bei.